Mlio Uliobaki

Mtaani walimwita Fundi Subiri, na jina hilo hakulipata bure. Ukimpelekea redio iliyokatika sauti, alikwambia subiri. Ukirudi kuiulizia, alikwambia subiri kidogo. Ukija umekunja uso, mikono kiunoni, alikusogezea kiti, akakutazama kama mtu aliyekatizwa katika sala, akasema subiri kwanza, nasikia mlio. Na kweli alikuwa anausikia. Redio ingekuwa inaongea vizuri, wewe mwenyewe umeridhika na uko tayari kuibeba, yeye bado ameinamisha kichwa anatafuta mlio ambao masikio yetu sisi wengine hayana habari nao. Wateja walimsema weee, lakini walirudi, kwa sababu kazi iliyotoka mkononi mwake haikurudi kuharibika.

Siku hizi hata wa kumsema walikuwa wamepungua. Watu wana simu, na simu ikiharibika inatupwa. Chumba chake cha mbele, kilichokuwa karakana, kilikuwa na meza moja ndefu, rafu za maboksi ya vipuri, na feni ya juu iliyozunguka kwa kulalamika. Nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda, jiko la chini na kiti kimoja. Kiti cha pili kilihamia mbele zamani, kwa ajili ya wateja, na hakuna aliyewahi kukirudisha.

Mwaka huo alibaki na mteja mmoja tu wa kumnyima usingizi, naye alikuwa binti yake.

Binti alipiga simu mchana mmoja, akasalimia kwa adabu kama kawaida yake.

"Baba, mama mkubwa kaniambia kuna tepu ya mama. Ni kweli?"

Fundi Subiri aliweka chini bisibisi. "Ipo."

"Anasema nini?"

"Anaongea tu. Ni siku niliyoileta rekoda nyumbani, nikamwambia aijaribu."

"Na miaka yote hii hukuniambia."

"Mashine ilikufa, mwanangu. Ningekwambia halafu uisikilizie wapi?"

Jibu hilo lilikuwa la kweli nusu, na nusu nyingine wote wawili waliiacha ipite. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado wa kubebwa. Ilikuwa homa ya siku chache tu. Dada mkubwa wa marehemu alikuja msibani, akatazama karakana iliyojaa waya, akamtazama na mgane mwenyewe, akasema, "Shemeji, wewe na waya zako utamlea vipi mtoto wa kike? Nipe nimchukue. Ukijipanga utamfuata." Yeye akasema sawa, subirini nijipange. Akajipanga hadi mtoto akaota meno, akayang'oa, akaota mengine, akamaliza shule, akapata kazi, akaanza kumpigia simu kwa heshima kama anayempigia mwalimu mkuu mstaafu. Walikutana harusini na matangani, katikati ya vipaza sauti na watu, wakaambiana umenenepa, umekonda, habari za safari, kisha kila mmoja akapanda gari lake. Hakuna aliyemchukia mwenzake. Walikuwa hawajuani tu, na hilo lilimkera Fundi Subiri kila alipolifikiria, kwa hiyo hakulifikiria mara nyingi.

"Nimepata kazi ng'ambo," binti alisema. "Sijui nitarudi lini. Nataka nimsikie mama kabla sijaondoka. Picha zake ninazo, nguo zake mama mkubwa alinitunzia. Sauti yake ndiyo sina. Hata nikijilazimisha siikumbuki."

"Njoo," alisema baba yake. "Ila subiri kidogo niitengeneze mashine."

Simu ilipokatika alibaki ameishika. Mambo mengi hakuwahi kumpa mtoto yule, na mengi sasa yalikuwa yamepitwa na wakati, huwezi kumnunulia mtu mzima viatu vya shule. Hili moja lilikuwa bado lawezekana. Alitaka ampe mama yake akiwa safi, bila vumbi wala doa, aongee kama aliyekaa chumbani humo humo.

Aliivuta rekoda kutoka chini ya kitanda, akaifunua shuka lililoifunika. Lilikuwa sanduku la mbao la kahawia, zito la kuvunja kiuno, juu lina rili mbili, yale magurudumu ya kuzungushia utepe, ndani lina valvu, vile vitaa vya kioo ambavyo ukiwasha umeme haviamki hapo hapo, mpaka vipate moto kwanza ndipo sauti ije. Marehemu alikuwa akicheka sana jambo hilo. Alisema mashine na mwenye mashine wameokotwa mahali pamoja.

Ilipowaka, ilivuma. Mvumo mzito, wa chini, uliojaza chumba na kutikisa vijiko ndani ya bilauri. Huo haukumtisha. Mvumo wa namna hiyo ni umeme wa ukutani unaopenya mahali ambapo kapasita za zamani zimechoka kuuzuia. Alizima, akazitoa zile kubwa zilizovimba matumbo, akalehemu mpya. Akagusagusa valvu moja moja kwa ncha ya penseli, na moja ikalia kama kengele, akaibadilisha na kaka yake kutoka kwenye maboksi. Alipowasha tena, mashine ilinyamaza, na Fundi Subiri akajisikia kijana.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo fundi yeyote angemkataza mwanafunzi wake. Rafuni alikuwa na tepu nyingi za kujaribia, za muziki, za watu wakisoma habari, tepu ambazo hata zikiliwa na mashine hakuna atakayelia. Aliziruka zote, akachukua ya mke wake. Alijiambia kwamba masikio yake yanaijua ile sauti, kwa hiyo ndiyo itakayomwonyesha kasoro. Ukweli ni kwamba alikuwa na hamu naye.

"Sasa niseme nini?" mke wake alisema kutoka ndani ya sanduku. "Sina la kusema. Haya, sikiliza basi. Sahani ziko mezani, mtoto anasinzia mapajani, sisi wawili tunakusubiri wewe, na wewe unasikiliza masanduku. Hivi hilo sanduku siku moja litakusalimia?"

Alikuwa na mwanya katikati ya meno ya mbele, na kila sauti nyembamba aliyoitoa, kila s, ilipita pale ikaacha filimbi ndogo nyuma yake, ndogo mno, kama mtu aliyeanza mluzi akaghairi. Majirani hawakuwahi kuitambua. Fundi Subiri aliitambua siku ya kwanza waliyoonana, kabla hata hajamtazama vizuri usoni, na akaoa. Sasa ilikuwa pale pale, kali na safi, baada ya miaka yote hiyo. Alisimama mkono mdomoni. Tepu ilipokaribia mwisho aliisimamisha, kwa sababu mwisho kulikuwa na sauti yake mwenyewe, na hiyo hakuwa na hamu nayo.

Angeishia hapo. Mashine ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuzitengeneza. Lakini alisikia mlio.

Safari hii ulikuwa mkwaruzo, unaokuja na kuondoka. Alifungua, akafunga, akasafisha swichi, akakaza waya. Mkwaruzo ukaja, ukaondoka. Mwisho akagundua kwamba unakuja pamoja na mtetemo wa ukuta, na upande wa pili wa ukuta aliishi Mama Mapazia, fundi cherehani aliyewashonea mapazia nusu ya mtaa.

"Samahani, Mama Mapazia," alisema mlangoni kwake. "Cherehani yako inaingia kwenye mashine yangu."

"Inaingia inasema nini?"

"Inakwaruza."

"Mwambie mashine wako na sisi tuna kazi." Mama Mapazia alivua miwani. "Baba wewe, tunagawana ukuta mmoja. Mwaka mzima hujaja hata kuuliza kama nimeamka, leo umekuja kumshtaki cherehani."

Fundi Subiri aliona haya. Ili kuifuta haya hiyo alipiga magoti palepale, akafungua mota ya cherehani, akalehemu kapasita ndogo ya kuzuia cheche. Mama Mapazia alimchemshia chai wakati anafanya. Alipomaliza aliitazama ile chai, akasema asante, subiri kwanza nikasikilize kama imekubali, nitarudi. Ilikuwa imekubali. Mkwaruzo haukuja tena. Naye hakurudi, na chai ikanywewa na mwenyewe.

Baada ya hapo ikawa sasa ni kunogesha tu. Alihisi sauti imezibwa kidogo, kwa mbali, labda kichwa kimelala upande. Kichwa ni kile kichuma kidogo ambacho utepe hupita ukikisugua, nacho ndicho kinachosoma kilichoandikwa humo. Kina skrubu ya kukinyoosha. Alichukua bisibisi yake ndogo aipendayo, ile aliyoisugua kwenye sumaku ya spika kuukuu ili ishike skrubu zisidondokee ndani ya mashine. Ni ujanja wa mafundi wote, na yeye alijivunia kwamba bisibisi yake hushika kuliko za wengine. Akazungusha kidogo huku, kidogo kule. Mkono uliteleza mara moja, ncha ikagusa uso wa kichwa. Alitazama kwa kioo cha kukuzia, hakuona mchubuko, akapumua.

Siku iliyofuata alisikia mchakacho.

Ulikuwa mwembamba, kama mvua ya mbali juu ya bati, nyuma ya sauti ya mke wake. Alibadilisha valvu ya mwanzo. Ukabaki. Akabadilisha rezista za zamani moja baada ya nyingine, maana hizo zikizeeka huchakacha. Ukabaki. Akavua waya, akasuka mpya, akazifunika kwa karatasi ya bati. Ukabaki, tena aliona kama unakua. Na baada ya kila badiliko, aliweka tepu ya mke wake na kusikiliza. Asubuhi baada ya chai, mchana watu wakiwa wamejilaza, jioni kabla ya taa. "Sasa niseme nini? Sina la kusema." Alifika mahali akawa anamjibu. Sema tu, mke wangu, nakusikia.

Binti alipiga simu. "Baba, vipi?"

"Inakaribia kupona. Kuna mlio kidogo tu."

Wiki nyingine akapiga. "Baba, mlio ni mbaya kiasi gani? Mimi sijali, nitasikiliza hivyo hivyo."

"Subiri, mwanangu. Usimsikie mama yako katikati ya makelele."

"Nikisubiri sana nitaondoka sijamsikia kabisa."

Alimwahidi Jumamosi. Na tukiacha kumpamba, tuseme wazi: hakuwa na haraka. Mlio ukiisha, binti atakuja, atasikiliza, atashukuru kwa adabu yake ile, ataondoka. Mlio ukiwepo, kuna simu ya wiki ijayo, na kuna mtu ndani ya chumba anayeongea naye asubuhi na jioni. Alikuwa hajapata mwaka wenye watu wengi namna hiyo tangu awe peke yake.

Alhamisi, akiwa amechoka, alifanya jambo ambalo alipaswa kulifanya mwanzo kabisa. Aliisimamisha rili mashine ikiwa inawaka, sauti ameifungua hadi mwisho. Kimya. Hakuna mvumo, hakuna mchakacho, mashine imetulia. Akaachia utepe uende. Mchakacho ukaja. Akatoa tepu ya mke wake, akaweka utepe mpya usioandikwa kitu. Mchakacho ukaja vilevile.

Basi haukuwa ndani ya valvu, wala rezista, wala waya. Ulizaliwa pale utepe ulipogusa kitu. Na utepe unagusa nini? Kichwa. Na kichwa kimeguswa na nani?

Bisibisi ilikuwa mezani karibu na mkono wake. Skrubu moja ilikuwa imeng'ang'ania nchani, kama ilivyo kawaida yake nzuri.

Alikaa akiitazama kwa muda. Kisha akainuka, akachukua rafuni tepu moja ya zamani, mtu fulani akisoma habari za bei za mazao, tepu ambayo haijapita kwenye mashine hiyo tangu itengenezwe. Akaiweka, akaisikiliza. Sauti nyembamba za msomaji zilikuwa kali kama wembe. Akairudisha nyuma, akaisikiliza tena, na tena, na tena, hadi msomaji yule akawa anaongea kama aliyejifunika blanketi. Kichwa kilikuwa kimeshika sumaku kutoka kwenye bisibisi, na kila utepe uliopita kilikuwa kinaupaka mchakacho na kuulamba. Kilianza na zile sauti nyembamba kabisa, kwa sababu hizo ndizo zilizoandikwa kwa wino mwepesi.

Siku zote hizo alidhani mchakacho umeifunika filimbi ya mke wake. Kumbe ulikuwa unaila, na yeye ndiye aliyekuwa akiipeleka mdomoni, asubuhi, mchana na jioni.

Dawa ya sumaku ni rahisi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alizungushia waya kwenye bolti kubwa, akaunganisha na umeme kupitia transfoma ndogo, akaisogeza karibu na kichwa, akaiondoa polepole, kama anayemtoa mtoto mikononi bila kumwamsha. Kazi ya muda wa kumwaga maji. Akaweka utepe mpya. Kimya. Akaweka wa mke wake.

Alikuja akiwa mzito na mbali. Maneno yote yalikuwepo, hakuna hata moja lililopotea. Sahani zilikuwa mezani, mtoto alikuwa anasinzia. Lakini mwanya haukuwepo. Aliyekuwa akiongea angeweza kuwa mke wa mtu yeyote. Na mchakacho uliokwisha kupakwa haukutoka, ulibaki pale nyuma, mvua ya mbali.

Fundi Subiri alilia. Msibani hakulia, alikuwa anashughulika na vipaza sauti. Sasa alilia kwa sauti, ameegemea meza, na upande wa pili wa ukuta cherehani ikasimama, ikakaa imesimama muda mrefu, kisha ikaendelea taratibu.

Binti alifika Jumamosi mchana, na mfuko wa chakula mkononi. Nje pikipiki zilikuwa zinapita, cherehani ya jirani inakimbia, feni inalalamika. Walisalimiana kwa sauti ya juu ili wasikizane. Alikuwa mrefu kuliko alivyomkumbuka. Alipocheka baba yake aliuona mwanya, kama ulivyo kwenye picha za mama yake. Hilo halikuwa jipya, ukoo mzima ulishasema kwamba huyu kachukua meno ya mama.

"Umekonda, baba."

"Ni feni, inanipeperusha."

Alicheka kidogo, akatazama pande zote kama mgeni anayetafuta mahali pa kuweka mikono. Mezani hapakuwa na mahali palipo wazi. Akasogeza maboksi, akatandika gazeti, akapanga sahani mbili alizozikuta, akapakua. Baba yake hakuona. Alikuwa ameshazima feni na kufunga madirisha, na alikuwa amemwomba Mama Mapazia asishone kwa muda. Mama Mapazia hakuuliza chochote safari hiyo, alivua miwani tu, akasema mwambie binti karibu.

"Basi la kurudi ni la jioni," binti alisema. "Jumatatu naruka."

"Kaa hapo," alisema baba yake. "Subiri zipate moto."

Valvu zikaanza kung'aa. Alikuwa amejiandaa kumwambia ukweli kabla ya tepu, akakosa ujasiri. Akaachia utepe.

Binti alisikiliza ameinamisha kichwa. Hakulia, hakucheka. Kwenye yale maneno ya masanduku alitabasamu kidogo. Baba yake alitazama rili zikizunguka, na tepu ilipokaribia mwisho mkono wake ulienda kwenye swichi kama mazoea, akaurudisha. Mtoto alikuja kusikiliza yote.

"Basi zima hilo sanduku lako, uje ukae nasi," alisema mke wake.

Kisha sauti ya mwanamume kijana, karibu sana na maikrofoni. "Subiri kidogo, nasikia mlio."

Na hapo ndipo ilipokatika. Mkia wa utepe ukabaki unapigapiga rili.

"Mlio gani ulikuwa?" binti aliuliza baadaye kidogo.

"Sikumbuki. Pengine haukuwepo."

Binti alitikisa kichwa polepole. Alikuwa anatazama spika. "Kumbe sauti yake ilikuwa nzito hivyo. Nilimfikiria tofauti. Lakini ni nzuri. Sasa nitamkumbuka hivyo."

Hapo Fundi Subiri angeweza kunyamaza. Binti hakujua kilichokosekana. Angeondoka ameridhika, avuke bahari na mama asiye wake, na hakuna mtu duniani ambaye angemsahihisha. Aliufikiria uwezekano huo kwa muda wa pumzi moja.

"Hakuwa hivyo," alisema. "Mwanangu, hakuwa hivyo. Mimi nimemharibu." Akamwambia yote, bisibisi, kichwa, asubuhi na jioni. Hakujitetea. "Wakati ulipopiga simu mara ya kwanza alikuwa bado mzima. Nilikuwa namsafisha ili nikupe wewe, huku namsikiliza mimi. Nimemmaliza mwenyewe. Nisamehe."

 Uso wa binti ulikunjamana, akawa anafanana na mama yake mkubwa kwa jinsi ya kukasirika. "Nilikwambia nitasikiliza hivyo hivyo," alisema. "Nilikwambia, baba."

"Uliniambia."

Mkia wa utepe ulikuwa bado unapigapiga. Alisimamisha rili. Chumba kikawa kimya kabisa, mashine inawaka na haitoi hata chembe ya sauti, kimya ambacho alikuwa amekitafuta wiki zote hizo.

"Hicho kilichopotea ni kitu gani?" binti aliuliza. Hasira ilikuwepo bado, lakini amejikaza. "Nieleze. Alikuwaje?"

"Ilikuwa filimbi. Kwenye mwanya. Alikuwa akisema..." Akajaribu kumwigiza. Meno yake ya mbele yalikuwa ya kununua, yakacheza mdomoni, ikatoka sauti ya puto linaloishiwa upepo. Alijaribu tena, ikatoka mbaya zaidi. Binti alitaka kucheka, akajizuia, na baba yake akaona haya na uchungu kwa pamoja. "Siwezi. Ilikuwa ndogo sana. Huwezi kuieleza."

"Wapi? Hapo aliposema, basi zima hilo sanduku lako, uje ukae nasi?"

Alisema polepole, anajaribu kukumbuka maneno, bila kumwigiza mtu. Na kila sauti nyembamba ilipita kwenye mwanya wake, ikaacha nyuma yake mluzi ulioanza ukaghairi.

Fundi Subiri alisimama pale pale, mkono juu ya rekoda. Simuni hakuwahi kuisikia, kwa maana simu hupitisha maneno ikazuia vitu vidogo kama hivyo, na jambo hilo yeye kama fundi alilijua fika. Harusini kulikuwa na vipaza sauti. Tangu mtoto yule aote meno ya utu uzima, baba yake hajawahi kukaa naye chumba kimoja kukiwa kimya. Hata mara moja. Ilikuwa inatembea duniani miaka yote hiyo, na yeye alikuwa amejifungia ndani anaitafuta kwenye waya.

"Baba? Nimekosea?"

"Rudia."

"Basi zima hilo sanduku lako," alisema binti yake, "uje ukae nasi." Kisha akamtazama vizuri. "Mbona unalia?"

Baba yake aligeukia rekoda. Alinyoosha mkono, akazima. Valvu zilififia moja baada ya nyingine, zile zilizotangulia kuwaka zikitangulia kulala. Akazunguka meza, akavuta kiti cha wateja, akaketi mbele ya sahani ambayo hakuiona ikipakuliwa. Dirisha lilikuwa limefungwa, na jua lilikuwa limeanza kushuka kuelekea basi la jioni. Wote wawili walilijua hilo.

"Jumatatu unaruka," alisema. "Huko unakokwenda kukoje? Niambie. Niambie polepole, usiruke kitu."

"Nitakuambia. Kula kwanza, chakula kinapoa."

Fundi Subiri hakumwambia subiri.